Baridi yabisi inapoandamana na maradhi mengine

MTU aliyekwisha kuambiwa kwamba anaugua baridi yabisi hudhani kuwa kila maumivu yatakayomjia baadaye yanatokana na ugonjwa uo huo. Mara nyingine sivyo. Aina ya baridi yabisi inayosababishwa na kinga ya mwili huweza kuandamana na maradhi mengine katika mgonjwa mmoja, na hapo ndipo hatari hujificha.

Kwa kawaida kinga hupambana na viini vya magonjwa. Ikipotoka, huushambulia mwili wenyewe. Katika baridi yabisi ya aina hii, hushambulia utando wa ndani wa viungo. Katika lupasi hudhuru ngozi, damu na hata figo, ilhali katika ugonjwa wa Sjögren hukausha tezi za machozi na mate. Kinga iliyopotoka kwa njia moja yaweza kupotoka kwa nyingine pia.

Jambo hili si geni. Mnamo 1933, daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, alieleza habari za wanawake 19 waliokuwa na macho makavu. Kati yao, 13 waliugua viungo pia. Hadi leo wanawake ndio waathiriwa wakuu.

Chukua mfano wa mwanamke aliyezoea kuamka vidole vikiwa vimevimba na kukakamaa. Akianza kuvimba miguu na mkojo wake ukitoa povu, huenda lupasi imeingia kwenye figo. Yeye, akidhani ni viungo tu, huenda dukani kununua tembe za diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo zaweza kuziumiza zaidi figo hizo. Kipimo cha mkojo, ambacho si kigumu, kingeonyesha mapema kama protini inavuja.

Matibabu nayo huingiliana. Haidroksiklorokwini, jamaa ya klorokwini ambayo Wakenya wa makamo wanaikumbuka kwa uchungu wake, hutumiwa kutibu lupasi na baridi yabisi pia, ila anayeimeza kwa miaka mingi hana budi kupimwa macho. Predinisoloni hutuliza uvimbe upesi, lakini hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, wala haifai kuachwa ghafla. Zipo hata dawa za kisasa za baridi yabisi ambazo, kwa wagonjwa wachache, huzusha dalili za lupasi.

Kwa hivyo anayetibiwa na madaktari kadhaa, wa macho, wa figo na wa viungo, yafaa amwonyeshe kila mmoja dawa zote anazotumia, zikiwemo alizojinunulia mwenyewe.