Kijiji cha vita juu ya meza ya chakula

BILA shaka umewahi kuwaona watoto wakipanga askari wa plastiki sakafuni, kisha wakiwaangusha kwa gololi. Basi fahamu kwamba wako watu wazima, hasa huko Uingereza, ambao mchezo huo ni shughuli yao ya jioni mwaka mzima. Huwapanga askari wadogo mezani, hupima mwendo wao kwa rula, na dadu ndiyo huamua nani kapigwa risasi na nani kapona. Lakini wapo wengi kati yao watakaokwambia kuwa utamu hasa uko katika kukijenga kijiji chenyewe.

Mzazi anaweza kuguna: je, huku si kuwafundisha watoto vita? Swali hilo ni la zamani. H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za sayansi, alitoa kitabu cha kanuni za mchezo huu, Little Wars, mwaka wa 1913. Alishikilia humo kwamba anayeucheza mara chache tu ataona jinsi vita vya kweli vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata Ulaya ikawaka moto, kwa hivyo hoja yake haikumzuia mtu. Hata hivyo, mimi naona kijiji hufunza kuliko askari. Ukishakata dirisha la nyumba kwa mkono wako, ni vigumu kusahau kwamba kulikuwa na watu waliolala humo.

Chukua mfano wa Waterloo, Ubelgiji, ambako Napoleon alishindwa tarehe 18 Juni, 1815. Ofisa Mwingereza, William Siborne, alipopewa kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja huo, alihamia mwaka wa 1830 katika La Haye Sainte, boma la mkulima lililokuwa katikati ya mapigano. Alikaa huko miezi minane akipima ardhi. Kisha aliwaandikia maofisa waliopigana, akiwauliza walisimama wapi, na hata mashambani kulikuwa na mimea gani siku ile. Mfano wake ulionyeshwa London mwaka wa 1838, ukiwa na askari zaidi ya 70,000 wa madini. Sasa umehifadhiwa katika National Army Museum jijini humo.

Wewe huhitaji miaka yote hiyo. Askari wanaotumiwa sana wana kimo cha milimita 28 hivi, yaani wamepunguzwa kama mara 56. Kwa hesabu hiyo boma la mita 56 litameza mita nzima ya meza yako, na mama atataka kuandaa chakula! Ndiyo sababu wachezaji huzibana nyumba, na tatu hutosha kuwa kijiji. Mlango tu ndio usiubane: msimamishe askari kando yake, nao umpite kidogo kwa kimo.

Kuta zikate kutoka katoni ngumu. Zipake gundi nyeupe ya maseremala na uzinyunyizie mchanga uliochekechwa. Zikikauka zitafanana na lipu. Vigae vya paa ni vipande vya katoni nyembamba, vikipangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake. Kazi hii inachosha, lakini usiikwepe, kwani mchezaji huitazama nyumba kutoka juu na paa ndilo analoliona kwanza. Usiligandishe, ili uweze kulifungua na kuwaweka askari ndani.

Katika rangi, anza na iliyokoza na ungoje ikauke. Kisha chovya brashi katika rangi nyepesi zaidi, uifute kwenye kitambaa hadi ibaki karibu kavu, na uipitishe juu juu. Itashika penye vinundu tu, na ukuta utaonekana wa miaka mingi. Ikiwa umejenga vilima kwa ile povu nyeupe inayofungiwa redio na televisheni, usiipulizie rangi ya mkebe, maana huiyeyusha. Na shamba la ngano? Kata kijizulia kikuukuu cha makumbi cha kufutia miguu, kisha ukilaze kidogo pale wapanda farasi walipopita.

Sasa turudi La Haye Sainte. Usiku wa kuamkia vita mvua ilinyesha sana, na askari waliolala hapo waligeuza kuni ule mlango mkubwa wa ghala uliotazama shambani. Kesho yake Meja Georg Baring na watu wake karibu 400 walilazimika kulilinda pengo hilo, hadi risasi zilipowaishia jioni na Wafaransa wakaliteka boma. Kwa hivyo ukifika kwenye ghala usitie mlango. Acha tundu, na ndani yake upake rangi nyeusi.