Queen, mwalimu wetu na ugonjwa tusiotaka kuutaja

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hunijia kila nisikiapo redioni muziki wa Queen, bendi ya Uingereza iliyouteka ujana wangu. Kwanza hufurahi, kisha moyo hunichoma.

Mwaka wa 1996 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Mwalimu wetu wa Historia alikuwa na redio kaseti, na jioni za Jumamosi alizoea kutukusanya maktabani akatuchezea kanda iliyokwisha kuchakaa. Wimbo tulioupenda zaidi ni ule mrefu wa mwaka wa 1975, Bohemian Rhapsody, unaokaribia dakika 6. Maneno yake hatukuyaelewa yote. Kilichotuduwaza ni jinsi sauti za wanaume watatu zilivyorekodiwa tena na tena, zikapandanishwa hadi zikawa kwaya nzima.

Jioni moja alituambia kuwa mwimbaji mkuu, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara, mwana wa Waparsi kutoka India, na jamaa yake ilihamia Uingereza mwaka wa 1964 baada ya Mapinduzi. Hatukusadiki. Akairudisha kanda nyuma, akatutegesha sikio mahali panapotajwa neno bismillahi. Tukashangilia kana kwamba jirani ametusalimu kutoka London.

Ndipo mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, alikufa kwa nini?" Mwalimu akanyamaza kidogo. "Aliugua," akajibu, kisha akageuza kanda upande wa pili.

Jibu kamili lilijulikana ulimwenguni. Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitangaza kwamba ana Ukimwi, na kesho yake akafariki akiwa na umri wa miaka 45.

Mwaka uliofuata mwalimu wetu alianza kukonda. Tuliambiwa ni malaria sugu, kisha tukaambiwa ni kifua. Tulipomzika, iliyosomwa kaburini ni ile kauli tuliyoizoea mno miaka hiyo: ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Miaka mingi ilipita kabla ndugu yake hajanieleza ukweli, tena kwa kunong'ona.

Sisi wanaisimu tuna istilahi ya kauli kama hizo: tasfida. Ni adabu ya lugha. Husemi mama amezaa bali amejifungua, na aliyekwenda msalani huelezwa kwa staha. Lakini tasfida tulizozibuni kwa Ukimwi hazikuwa za staha. Mgonjwa alisemekana ana mdudu, au amekanyaga waya. Kauli hizo zilimcheka mgonjwa na kumhukumu, na baya zaidi, zilimnyima lugha ya kuombea msaada. Mtu atauliziaje jambo ambalo halina jina mbele ya watu? Serikali yetu yenyewe ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, wakati walimu wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Huenda msomaji akasema kwamba siri ya mgonjwa ni yake. Naam, nakubali. Magazeti ya Uingereza yalimwandama Mercury bila huruma, naye alikuwa na haki ya kufunga mlango wake. Wala simlaumu mwalimu wetu, kwani angejitaja angaliweza kutengwa na wenzake. Ninaowalaumu ni sisi tuliomzunguka, ambao tuliifanya kweli kuwa ghali kiasi hicho.

Wanafunzi wangu wa leo wameijua Queen kupitia filamu ya mwaka wa 2018. Humo Mercury anawaeleza wenzake ugonjwa wake kabla ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, lililochangia waathiriwa wa njaa ya Ethiopia. Kwa mujibu wa mwandani wake, alipimwa na kupewa majibu mwaka wa 1987. Filamu imeupanga upya wakati ili huzuni ipendeze machoni. Kumbukumbu za ujana nazo hufanya vivyo hivyo. Hutuachia muziki, zikalificha jeneza.

Siku hizi dawa za kupunguza makali ya virusi zipo, na mwalimu mwenye virusi anayezitumia ipasavyo aweza kufundisha hadi astaafu. Hata hivyo, wapo wanaozimeza kwa kujificha kwa kuwaogopa wenzao wa chumba cha walimu.

Kila mwaka nifundishapo mada ya tasfida, huwachezea wanafunzi wangu wimbo ule. Hakosi mmoja wa kuuliza mwimbaji alikufa kwa nini. Humjibu kwa neno moja, Ukimwi, kisha nikawasimulia habari za mwalimu aliyekuwa na redio kaseti.