Amerikani: Bidhaa za Viwanda vya Marekani katika Soko la Sultani

Wazee wa pwani na wa bara wanakijua kitambaa kizito cha pamba, kisichotiwa rangi, kiitwacho amerikani. Wanafunzi wa madarasa ya siasa huku Matema huuliza kitambaa hicho kilipataje jina la nchi iliyo mbali namna ile, tena zamani kabla ya reli na kabla ya ukoloni wa Kijerumani. Wengi hujibu upesi: "Ubeberu." Jibu hilo si la uongo, ila halielezi kitu. Kada anayeridhika na neno bila kuchambua mambo yaliyomo ndani yake atashindwa kumweleza mkulima hata kwa nini bei ya kakao yake hupangwa na watu asiowaona.

Tuanze na mlango wenyewe. Katika miaka ya 1820 merikebu za wafanyabiashara wa Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikifika Zanzibar. Mmoja wa wafanyabiashara wa Marekani waliofika huko, Edmund Roberts, alikuja mwaka 1827, akalalamikia ushuru na ukiritimba uliomkuta. Alirudi baadaye akiwa mjumbe wa serikali yake. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, alitia sahihi mkataba na Seyyid Said bin Sultan, mtawala Mwarabu wa Oman na Zanzibar. Mkataba uliwapa Wamarekani haki ya kuuza na kununua katika bandari zote za Sultani. Ushuru haukuzidi asilimia 5 ya mali iliyoshushwa, na asilimia hiyo ilimaliza malipo yote mengine ya kuingiza na kutoa. Bunduki na baruti zikiletwa Zanzibar ziliuzwa kwa serikali ya Sultani peke yake. Wamarekani wakigombana wenyewe kwa wenyewe, mwamuzi alikuwa konseli wao.

Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Wamarekani, ambao hawakuwa na koloni hata moja katika Afrika ya Mashariki, waliwatangulia wote.

Hapa ndugu msomaji atazame ni nani hasa walioshika mlango huo. Konseli wa kwanza, Richard Waters, aliyewasili mwaka 1837, alikuwa pia mfanyabiashara wa Salem. Forodha ya Zanzibar ilikuwa imekodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji, na Waters alifanya naye biashara kwa karibu mno. Basi mwakilishi wa serikali alikuwa muuzaji, na mtoza ushuru alikuwa mshirika wake. Mwaka 1840 Seyyid Said naye alituma merikebu yake, Sultana, mpaka New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi. Sultani hakuonewa katika mapatano haya. Alikuwa mtu wa biashara aliyejua faida yake. Walioonewa hawakuwapo Muscat siku ya kutia sahihi.

Lakini mkataba peke yake hauuzi kitambaa. Amerikani ilishinda kwa sababu ilikuwa imara, haikupakwa wanga mwingi ili ionekane nzito, na ubora wake haukubadilika toka mzigo hata mzigo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoigeuza kuwa fedha. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti, na majora yalifungwa yakabebwa na wapagazi. Kwa doti msafara ulilipa hongo, ulinunua chakula na pembe, na, tusifiche, ulinunua watu. Njia ya Kilwa iliyofika Ziwa Nyasa ilikuwa mojawapo ya njia kubwa za watumwa. Huku kaskazini mwa ziwa habari hiyo ilifikia vita vya Karonga vilivyoanza mwaka 1887, kati ya mfanyabiashara Mlozi kwa upande mmoja na Wangonde na kampuni ya Waingereza kwa upande wa pili.

Pembe zilikwenda Connecticut, zikawa vitana na vibao vya piano. Sandarusi ilikwenda Salem kutengeneza vanishi. Na pamba ya kitambaa chenyewe ilikuwa imelimwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Jasho la Mwafrika liliingia katika biashara hii kwenye ncha zote mbili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata pamba. Bei ikapanda, wateja wakageukia nguo za Uingereza na India, na soko halikurudi kama lilivyokuwa. Jina likabaki, likitumika hata kwa kitambaa ambacho hakikutoka Marekani.

Wafumaji wa huku je? Wa Mogadishu waliumia mapema. Wa Ufipa na bonde la Rukwa walidumu muda mrefu kwa kuwa walikuwa mbali na bandari, lakini hawakupata nafasi ya kukuza ufundi wao. Linganisha na vyungu vya Wakisi wa Ikombe, ambavyo hata leo hupakiwa mitumbwini na kuuzwa katika soko la Lyulilo. Salem haikuleta vyungu Ziwa Nyasa: chungu ni kizito, huvunjika, hakikunjiki. Ufundi huo haukulindwa na sera yoyote, ulilindwa na uzito wake.

Baada ya Azimio la Arusha tulijenga viwanda vya nguo. Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa masharti, mitumba ikaingia kwa wingi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yake, kikidai kwamba nchi zetu zimevunja masharti ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Mkataba wa 1833 ulihitaji sahihi mbili. AGOA ni sheria ya Bunge la Marekani. Kuisimamisha kulihitaji sahihi moja tu.