Dawa ya Minyoo kwa Watu Sita: Ipi Ununue, Ipi Upewe Bure

"Nipe dawa ya minyoo ya watu sita." Ombi hili linaonekana jepesi, na muuzaji aliye na haraka hulijibu kwa kuhesabu vidonge sita. Lakini hebu tuwatazame watu wenyewe, katika boma la kawaida la mkulima wa chai hapa Mogogosiek, kaunti ya Bomet. Mama ana mimba ya miezi miwili. Baba anameza dawa ya kifafa. Mtoto mdogo kuliko wote ana miezi 18, na watoto watatu wako shule ya msingi. Ukifuata utaratibu ulio salama, katika dozi hizo sita huenda hakuna hata moja ya kununuliwa leo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza dawa ni ya nani na minyoo ni wa aina gani. Majibu mawili hayo hulinda afya, na mara nyingi hulinda mfuko pia.

Albendazole au mebendazole?

Kwa minyoo wa tumboni, dawa hizi mbili ndizo zinazotumika zaidi. Albendazole ni kidonge kimoja cha miligramu 400, mara moja. Mebendazole ni miligramu 500 mara moja, au miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku tatu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa minyoo wakubwa wa mviringo, wale wanaofanana na nyungunyungu, dawa zote mbili huponya takriban watu 96 kwa kila 100 kwa dozi moja. Hapo, chagua iliyo nafuu.

Kwa minyoo wa safura, wanaonyonya damu na kuingia mwilini kupitia nyayo zilizo wazi, hali ni tofauti kabisa: albendazole iliponya karibu watu 80 kwa 100, mebendazole ya dozi moja 33 tu. Mchumaji anayeingia shambani bila gambuti, tena anachoka na kupauka, hana sababu ya kununua dozi moja ya mebendazole kwa kuwa imepungua bei kidogo. Minyoo mjeledi, wembamba kama uzi, huzishinda dawa zote mbili: dozi moja ya albendazole iliponya watu kama 31 kwa 100, ya mebendazole 42. Aliye na minyoo hao anahitaji matibabu ya siku kadhaa kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Kuna pia wale minyoo wadogo weupe wanaowasha makalio ya mtoto usiku. Dawa zote mbili huwaua, ila dozi hurudiwa baada ya wiki mbili, na wote wanaolala nyumba moja hutibiwa kwa pamoja. Ukitibu mmoja, umetupa pesa.

Tegu na kichocho havimo katika hesabu hii. Dawa yake kwa kawaida ni praziquantel, na kipimo chake hutegemea uzito wa mgonjwa. Kichocho si ugonjwa wa milima ya chai. Aliyekulia ufuoni mwa Ziwa Victoria kisha akaja huku kuchuma majani amweleze daktari alikotoka.

Jina maarufu au jina la kawaida?

Zentel ni albendazole, Vermox ni mebendazole. Miligramu 400 za albendazole ni zile zile ndani ya pakiti yenye jina kubwa na ndani ya pakiti ya bei nafuu, mradi dawa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kinachofaa kukaguliwa ni tarehe ya mwisho ya matumizi, pakiti isiyofunguliwa, na leseni ya duka ukutani. Kidonge kilichokatwa na kufungwa kwenye kipande cha gazeti hakina tarehe wala jina, kiache.

Kwa dawa ya maji, soma maandishi madogo. Chupa nyingi za albendazole zina mililita 10, na nguvu yake haifanani. Iliyoandikwa miligramu 200 kwa kila mililita 5 ina dozi kamili ya 400 ndani ya chupa nzima. Iliyoandikwa 100 kwa mililita 5 ina nusu tu, hivyo utahitaji chupa mbili. Linganisha bei kwa dozi, usilinganishe kwa chupa.

Dozi za bure

Mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni ulianza Kenya mwaka 2009, ukapanuliwa 2012, na Bomet na Kericho zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizolengwa. Vidonge hivyo si hafifu: kampuni ya GSK, yenye Zentel, hutoa albendazole kwa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watoto wa shule. Muulize mwalimu siku ya dawa ni lini na mtoto alipewa mara ya mwisho lini. Akishapewa, usimrudishie nyumbani wiki hiyo hiyo.

Mtoto wa miezi 18 anatakiwa kliniki. Kuanzia mwaka mmoja, hupewa dawa kila miezi sita na kuandikiwa katika kijitabu cha Mama na Mtoto. Kabla ya kutimiza miaka miwili, kipimo chake cha albendazole ni miligramu 200, nusu ya mkubwa. Kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji. Usimzibe mtoto pua ili ameze, kwani watoto wamewahi kupaliwa na vidonge hivi.

Tangu Oktoba 2024, aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hapaswi kutozwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali vilivyo katika mpango huo. Kujisajili ni bure.

Wasionunua bila kuonwa

Mama mwenye mimba ya chini ya miezi mitatu asimeze dawa hizi. Kliniki ya wajawazito ndiyo itakayoamua kama zinahitajika baadaye.

Baba mwenye kifafa aonwe na daktari kwanza. Viluwiluwi vya tegu la nguruwe vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuwa ndicho chanzo cha kifafa chenyewe. Albendazole au praziquantel ikiviua ghafla, ubongo huvimba, na degedege huweza kuzidi. Isitoshe, phenytoin, carbamazepine na phenobarbital hupunguza kiasi cha albendazole kwenye damu. Matibabu ya viluwiluwi hivyo huchukua siku nyingi, kwa cheti cha daktari, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe, na vipimo vya damu na ini inapobidi. Hapo dawa hunywewa na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Usijiandikie dozi hiyo.

Mtoto mwenye tumbo lililovimba na kukaza, anayetapika na hapati choo, apelekwe hospitali mara moja. Minyoo huenda wameziba utumbo.

Na yeyote anayepewa "ya minyoo na ya amiba" kwa pamoja aulize majina. Mebendazole haifai kuchanganywa na metronidazole, maarufu kama Flagyl. Mchanganyiko huo umehusishwa na ugonjwa mkali wa ngozi kutoka malengelenge na kubambuka.

Dawa ya ng'ombe na mitishamba

Hili naliomba kwa moyo wote: dawa ya agroveti isinywewe na mtu. Ni kweli chupa huandikwa albendazole, lakini ile ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo kijiko cha mililita 5 kina 500, zaidi ya dozi nzima ya mtu mzima. Nyingine, kama Nilzan, ina levamisole na oxyclozanide, iliyopimiwa tumbo la ng'ombe. Akiba ya shilingi chache haistahili hatari hiyo.

Mbegu za mmea wa Myrsine africana zimetumiwa dhidi ya minyoo kwa vizazi vingi katika Bonde la Ufa, na ujuzi huo unastahili heshima. Tatizo ni kipimo: kiganja cha leo si kiganja cha jana, na mtoto mdogo hawezi kubeba kosa hilo.

Hesabu ya mwaka

Wengi huambiwa wameze dawa kila miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mara moja kwa mwaka, au mara mbili pale ambapo maambukizi yamezidi nusu ya watu, na hulenga hasa watoto, wasichana wanaobalehe na wanawake wa umri wa kuzaa. Tuseme, kwa mfano tu, kidonge cha jina kubwa ni shilingi 150. Watu sita mara nne kwa mwaka ni 3,600. Weka bei ya duka lako, kisha ondoa watoto wanne wanaopata bure, mama anayesubiri kliniki na baba anayesubiri daktari. Hata watu wazima wawili wakihitaji baadaye kidonge cha kawaida cha shilingi 50 kila mmoja, gharama ni 100.

Shilingi 3,500 zinazobaki zina kazi. Mayai ya minyoo wa mviringo hukaa udongoni miaka mingi, na kidonge hakizuii mtu kuambukizwa tena kesho. Nunua sabuni ya kunawa baada ya choo, gambuti kwa anayeingia shambani, na mfuniko wa choo cha shimo. Sukuma wiki ioshwe kwa maji safi, nyama iive hadi ndani. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na watoto tayari wamepata dozi shuleni, nunua sabuni.