Msumeno wa Injini Wakati wa Theluji



Majira ya baridi yameingia hapa Maine, na baadhi yetu hukata miti ili tupate kuni za jiko. Kwetu tulizoea shoka na panga. Msumeno wa injini wataka adabu nyingine.

Mti ulioganda ni mgumu: meno ya mnyororo huwa butu upesi, na matawi hukatika ghafla bila kupinda. Basi tunoe mara kwa mara, na tutumie mafuta mepesi ya mnyororo, kwani mazito hugandamana yasienee. Kabla ya kuangusha mti, tuondoe theluji shinani, tusafishe na njia ya kukimbilia nyuma kwa mshazari. Tuuwashe msumeno ukiwa chini, breki imefungwa, mita 3 kutoka mahali tulipotia petroli. Kamwe tusiuwashe ndani ya banda. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ncha ya juu ya bapa lake isiguse kitu, msumeno usije ukaturukia usoni.

Vidole vikifa ganzi, tupumzike. Wala mtu asiende msituni peke yake. Kuni za leo zaweza kungoja kesho. Mguu haununuliwi dukani.