Kwa nini Mughal-e-Azam Haichuji

Tarehe 5 Agosti 1960, jumba la sinema la Maratha Mandir mjini Bombay lilionyesha kwa mara ya kwanza Mughal-e-Azam, filamu ya mapenzi ya mwanamfalme Salim na kijakazi mcheza ngoma aitwaye Anarkali. Kwa miaka 15 hakuna filamu ya Kihindi iliyoishinda kwa mapato, mpaka ilipotoka Sholay mwaka 1975. Hata leo, watu wasiojua neno la Kiurdu huketi zaidi ya saa tatu kuitazama, wakainuka wakiwa wametekwa.

Wakiulizwa kilichowateka, wengi hutaja fahari yake: vito, mabustani, farasi na ngamia, majeshi yaliyofunika uwanda mzima. Ni kweli, vyote vimo. Ila filamu za fahari ni nyingi, na nyingi zimekwisha sahaulika. Mwongozaji wa hii, K. Asif, alifanya jambo gumu zaidi: fahari yenyewe aliigeuza kizuizi, ikasimama kati ya wapenzi wawili.

Leo wawili wakipendana, mtunzi wa filamu hana budi kutafuta sababu ya kuwatenganisha. Katika kasri la Mfalme Akbar, baba yake Salim, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, sababu ipo tayari: mrithi wa kiti cha enzi haoi kijakazi. Na anayekataa si katili. Mwanzoni mwa filamu Akbar anatembea peku jangwani kwenda kwa walii Salim Chishti, kuomba ajaliwe mtoto wa kiume. Mjakazi anayemletea habari kwamba mtoto kazaliwa anapewa pete, pamoja na ahadi kwamba siku moja ombi lake litatimizwa. Mjakazi huyo ndiye mama yake Anarkali. Hivyo mtazamaji anaanza kwa kumpenda baba, ndipo baadaye amwogope. Na baba na mwana wanapokabiliana, hajui amwombee nani ushindi.

Kilele cha ustadi huo ni ngoma ya Kasri la Vioo. Ukumbi huo ulijengwa studioni, urefu wake futi 150, upana futi 80 na kimo futi 35, ukapambwa kwa vioo kutoka Ubelgiji. Taa zilipowashwa, vioo vilirudisha mwanga mkali kiasi kwamba picha haikupigika. Vikapakwa nta nyembamba kupunguza mng'ao, na mpigapicha R. D. Mathur akaelekeza taa kwenye vitambaa ili mwanga ufike ukiwa umelainika. Taabu yote hiyo ilikuwa na lengo. Anarkali anacheza mbele ya mfalme na kutangaza kwa wimbo kwamba aliyependa hana la kuogopa. Akbar anainua macho, na darini, katika kila kipande cha kioo, anamwona Anarkali akizunguka. Mfalme mwenye amri juu ya kila mtu hana pa kugeuzia uso ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapo pambo limegeuka hoja.

Kisha kuna onyesho la unyoya, ambalo ni kinyume kabisa cha lile. Ni usiku, bustanini. Kwa mbali inasikika sauti ya Tansen, mwimbaji wa kasri, iliyoimbwa na ustadhi Bade Ghulam Ali Khan. Salim anaupitisha unyoya mweupe taratibu usoni mwa Anarkali. Maneno hayahitajiki. Kamera imesogea karibu sana, na mtazamaji anabaki na kope zinazofumba, midomo inayotetemeka na ule unyoya. Baada ya kuona kumbi zenye walinzi na watumishi kila pembe, ukaribu huo unakuwa na uzito wa hatari.

Walioigiza walikuwa Dilip Kumar na Madhubala, ambao kweli waliwahi kupendana. Dilip Kumar alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba onyesho hilo lilipopigwa, uhusiano wao ulikuwa umevunjika hata salamu hawapeani. Madhubala naye alikuwa na maradhi ya moyo. Alifariki mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 36. Habari hizo zinahuzunisha, lakini hazielezi kila kitu. Kilichomo kwenye picha ni kazi: waigizaji wawili walioweza kuonyesha hamu wasiyokuwa nayo tena.

Anarkali mwenyewe hana uthibitisho wa kihistoria. Lahore kuna kaburi linaloitwa lake, na tamthilia ya Imtiaz Ali Taj ya mwaka 1922 ndiyo iliyosaidia kukisambaza kisa hicho. Filamu haikukusudia kufundisha historia. Ilichukua zama za Akbar kwa sababu ya sheria zake.

Watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana undugu wa siku nyingi na sinema ya aina hii. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa katika miaka ya 1950 na 1960, na waimbaji wa taarab wakachukua tuni zake wakazitilia mashairi ya Kiswahili. Masikio yaliyolelewa na taarab hayatapata shida na muziki wa filamu hii, uliotungwa na Naushad.

Anayetaka kuitazama atakuta matoleo mawili. Mwaka 2004 filamu nzima ilitiwa rangi na kurudishwa kwenye majumba ya sinema. Toleo la 1960 kwa sehemu kubwa ni la rangi nyeusi na nyeupe, na rangi hujitokeza katika sehemu chache, ngoma ya Kasri la Vioo ikiwa mojawapo. Aanze na hilo la 1960. Katika toleo jipya rangi ipo tangu mwanzo, hivyo ule mshtuko wa kumwona Anarkali akitangaza penzi lake huku ukumbi mzima ukilipuka kwa rangi haupo tena.