Protini inayofagia seli mfu yaweza pia kudhuru figo

KILA siku, mabilioni ya seli hufa katika mwili wa mtu mzima mwenye afya njema, naye asihisi lolote. Hapana uvimbe wala usaha. Sababu ni kwamba mizoga hiyo humezwa na seli jirani, au na chembechembe nyeupe za damu, kabla haijapasuka.

Mojawapo ya protini zinazofanikisha kazi hiyo ni ELMO1. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya umezaji na mwendo wa seli. Shughuli hizo mbili zaonekana kutohusiana, lakini kwa seli zina asili moja: iwe inatambaa au inameza, sharti iusukume utando wake mbele.

Protini hiyo ilibainishwa mwaka 2001, na ufunguo ulikuwa mnyoo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja tu. Anapokua, mnyoo huyo hutengeneza seli 1,090, na 131 kati ya hizo hufa kwa utaratibu usiobadilika. Minyoo yenye kasoro katika jeni ya ced-12 ilibaki na mizoga ya seli mwilini, huku baadhi ya seli zilizopaswa kuhama zikipotea njia. ELMO1 ndiyo nduguye CED-12 kwa binadamu.

Seli inayokufa hutoa nje mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kwa kawaida hufichwa upande wa ndani wa utando. Hiyo ndiyo ishara ya kuomba kuzolewa. Seli jirani ikiitambua, ELMO1 hushikana na protini nyingine, DOCK180, na kwa pamoja huiamsha ya tatu, Rac, mithili ya swichi. Hapo nyuzi za aktini hujengwa chini ya utando, nao hujinyoosha na kuukumbatia mzoga.

Bakteria wa Shigella, wanaosababisha kuhara damu, wanaifahamu njia hii vyema. Huingiza katika seli ya utumbo protini inayojifanya mjumbe halali wa seli hiyo. ELMO na DOCK180 hutii, na mwenyeji akamfungulia mwizi mlango.

Suala la figo ndilo zito zaidi. Mwaka 2005, watafiti wa Japani waligundua kuwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye tofauti fulani katika jeni ya ELMO1 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa na figo. Mwaka 2016, majaribio ya panya wenye kisukari yalionyesha kwamba ELMO1 ikizidi, figo huumia zaidi, ikipunguzwa, huepushwa.

Je, si izuiwe basi? Si rahisi hivyo. Utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba panya wasio na ELMO1 kabisa hurundikana seli mfu katika korodani, na mbegu zao za kiume hupungua. Dawa yoyote italazimika kuipunguza bila kuimaliza.

Kwa sasa, mgonjwa wa kisukari hutegemea udhibiti wa sukari na shinikizo la damu, pamoja na vipimo vya mkojo vinavyoonyesha iwapo figo zimeanza kuvujisha protini.